Sikio la Bibi Kizee: Hadithi za Kutisha Ninazozipenda

Mhadhara uliotolewa Nyashimo, Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu

 

Nilipoombwa kuzungumza juu ya vitabu ninavyovipenda, nadhani walionialika walitegemea nije na Shaaban Robert. Nitakuja naye siku nyingine. Leo nimebeba vitabu vya kutisha. Baadhi ya waandishi wake vijana wengi hapa hawajapata kuwasikia, na wasimulizi wengine hawakuandikwa jina popote.

Nianze na kile kilichoninyima usingizi. Nilikuwa kidato cha pili, bwenini, miaka ya 80. Kilikuwa kikipita kitanda hadi kitanda, hakina jalada, mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa gunia, na kurasa za mwisho zimenyofoka. Kiliitwa Mirathi ya Hatari. Nilikisoma kwa tochi chini ya shuka mpaka nikafika pale kinapokatika katikati ya sentensi, nikabaki nimekodoa macho gizani. Mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa ameshakimaliza, yaani ameshafika palepale nilipofika mimi. Tukanong'onezana hadi jogoo la kwanza, kila mmoja akitunga mwisho wake. Wiki iliyofuata mwalimu mmoja alikikamata, akakichukua, akatuambia kwamba vitabu vya uchawi vinaharibu watoto. Miaka mingi ilipita kabla sijapata nakala nyingine, kwa muuza vitabu vya mitumba jijini Mwanza. Hata sijamlipa, nikafunua ukurasa wa mwisho.

Maneno ya mwalimu yule sikuyadharau, na siyadharau leo ambapo nami nimezeeka nikiwa mwalimu. Je, hadithi za kutisha zinaharibu watu? Kwingine swali hili ni la kupitishia muda. Hapa Busega, na kule Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, ni swali la uhai na kifo. Kanda hii yetu imeona vikongwe wakikatwa mapanga usiku kwa sababu macho yao ni mekundu. Na wekundu ule hauna siri. Miti imekwisha, kuni hakuna, bibi anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka ndani ya jiko lisilo na dirisha, na amefanya hivyo tangu alipoolewa. Moshi wa miaka 50 unakaa machoni. Lakini familia iliyofiwa na mtoto ikienda kwa mpiga ramli chonganishi, haiambiwi habari za moshi. Inaambiwa habari za jirani.

Mnakumbuka pia kwamba kuanzia mwaka 2007 hivi jina la Kanda ya Ziwa lilivuma duniani kwa mauaji ya wenzetu wenye ualbino, viungo vyao vikitafutwa na watu walioaminishwa kwamba vitawapa dhahabu mgodini au samaki ziwani. Hiyo nayo ilikuwa hadithi ya kutisha, na watu waliisadiki mpaka wakaitenda.

Kwa hiyo mtu anayekuja mbele yenu kupendekeza hadithi za wachawi, mizimu na mazimwi anawajibika kueleza anafanya nini. Nitaeleza, lakini nitaeleza kupitia hadithi zenyewe, kwa sababu zinaeleza vizuri kuliko mimi.

Ya kwanza mnaijua. Wazee wetu walikuwa na shikome, ule moto wa jioni katikati ya mji, ng'ombe wakiwa wameshaingia zizini, baba na babu wakikaa na vijana kuwafundisha. Zimwi aitwaye Shing'weng'we alikuwa anaishi kwenye hadithi za moto ule. Zamani, walisema, Shing'weng'we alimeza mifugo yote na watu wote wa dunia. Akabaki mwanamke mmoja, mjamzito, aliyejificha katika lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, mwepesi wa kuelewa. Mtoto alipopata akili akamuuliza mama yake: mbona tuko wawili tu? Wengine wako wapi?

Nasimama hapa kidogo. Katika vitabu vyote nilivyosoma, vya kwetu na vya wenzetu, ni mara chache nimekutana na swali la kutisha kuliko hilo. Bado hakuna damu wala meno marefu. Yupo mtoto anayetazama uwanja mtupu na kuanza kufahamu kwamba utupu ule si wa kawaida. Anayetaka kujifunza kuandika hadithi za kutisha na ajifunze hapo: zimwi halijatokea, na mwili umeshasisimka.

Masala Kulangwa akaanza kutafuta. Akakamata panzi, akamletea mama: ndiye huyu? Siye. Akaleta ndege: ndiye? Siye. Akaleta mnyama wa porini: siye. Mpaka siku alipokutana na mwenyewe, akamuua, akampasua, na watu wote wakatoka wazima, baba yake akiwa miongoni mwao. Mapadre wengi waliohubiri Usukuma waliipenda sana hadithi hii, wakamfananisha kijana huyu na Kristo, na ukiisikiliza utaona sababu.

Lakini kuna kipande ambacho nimewasikia wasimulizi wa siku hizi wakikiruka, wakiona kinachelewesha shangwe. Kisu cha Masala Kulangwa kilipokuwa kinapasua tumbo la zimwi, kwa bahati mbaya kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akakasirika sana, akataka kumroga kijana. Sasa tuwaze sisi, watu wa leo: kijana ameokoa dunia nzima, na kikongwe mmoja, aliyeokolewa pamoja na wengine, anataka kumroga. Tungemfanya nini? Hadithi inasema watu walimlinda kijana wao, na wakatafuta dawa, wakamponya bibi sikio lake. Basi. Ndipo Masala Kulangwa akafanywa mtemi.

Wazee wa Kisukuma waliosimulia hadithi hii walijua uchawi, waliuogopa, waliutaja kwa jina lake. Hawakujifanya kwamba bibi hana hasira. Ila walijua hasira yake imetoka wapi: ameumizwa. Walitibu jeraha. Mimi ninapopima hadithi yoyote ya kutisha natazama kama mtunzi wake analikumbuka sikio la bibi kizee au amelisahau.

Ipo ndugu yake Shing'weng'we upande wa pwani, na hao wawili wanafanana kiasi kwamba ningependa siku moja msomi kijana wa hapa awafuatilie. Mwaka 1870 Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alichapisha London hadithi alizosimuliwa Zanzibar. Mojawapo ni ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anaanza kwa kumkamata ndama. Watu wanakwenda kwa sultani: paka amekula ndama. Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anakula mbuzi, jibu ni lilelile. Anapanda ngazi mnyama hadi mnyama, ng'ombe, punda, ngamia, kisha watoto wa watu, na sultani hana jibu jingine. Paka anahamia njiani, anakuwa Nunda, mla watu. Sultani anaamka siku Nunda alipowala wanawe mwenyewe. Hapo mwanawe mdogo anaingia porini kutafuta, anarudi na mnyama mmoja baada ya mwingine, na mama yake anamwambia kila mara kwamba huyo siye Nunda. Panzi, ndege, siye, siye: mnausikia mwangwi?

Aliyeisimulia hadithi hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa fundi wa hofu. Paka! Mnyama anayelala miguuni pako. Na hofu haikui pamoja na paka tu, inakua pamoja na kila jibu la sultani. Ukimaliza kusoma unagundua kwamba hukuwa ukimwogopa mnyama, ulikuwa ukimwogopa mtu aliyekaa kitini anasema, ni wangu, mwacheni.

Nasema hivi kwa sababu baada ya miaka mingi ya kusoma nimeona kwamba hadithi za kutisha zina macho, na macho yake hutazama juu au hutazama chini. Ya Nunda inatazama juu, kwa mwenye nguvu. Ramli chonganishi inatazama chini, kwa mjane asiye na mtoto wa kiume wa kumlinda, ambaye shamba lake lina mipaka mizuri. Uvumi wa mumiani, yaani wanyonya damu, kwa mfano, ulitazama juu. Neno lenyewe limetokana na mumia, dawa ya kale iliyosemekana kutoka kwenye maiti zilizokaushwa. Wakati wa ukoloni watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala walinong'ona kwamba wazimamoto, wenye magari mekundu na sare, wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Watoto tulitishwa nao hata huku. Haikuwa kweli kwamba zimamoto walinyonya damu. Lakini watu waliotozwa kodi ya kichwa na kupelekwa kazi za lazima walikuwa wanasema jambo la kweli kwa lugha ya hofu. Natamani mtu aandike riwaya ya mumiani kwa Kiswahili kizito, yenye kijiti cha kiberiti na king'ora.

Narudi kwenye kitabu changu cha bwenini. Mirathi ya Hatari iliandikwa na Claude Mung'ong'o, ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1977. Mwandishi huyu aliandika riwaya nyingine, Njozi Iliyopotea, mwaka 1980, na baadaye akawa mtafiti wa mambo ya ardhi na mazingira katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakuwa maarufu kama wale tunaowatahini watoto kila mwaka. Mimi namweka karibu kabisa na kilele.

Kijana Gusto anarithi kwa baba yake. Kwetu tukisema mirathi tunafikiria ng'ombe, shamba, nyumba, labda deni. Gusto anaachiwa uchawi. Wengi mnajua habari ya kurithi mikoba: mganga akizeeka huchagua mtoto, na mtoto aliyechaguliwa akikataa huambiwa ataugua. Mung'ong'o amechukua desturi hiyo, akaisogeza hatua moja gizani.

Kitu kinachonitisha katika kitabu hiki si mambo ya usiku, ingawa yamo. Kinachonitisha ni heshima. Baba amekuita. Baba anakufa. Mtoto aliyelelewa vizuri hamkatalii baba yake anayekata roho, na Gusto amelelewa vizuri. Ubaya unaingia kwa mlango uleule unaopitisha adabu, utiifu, na mapenzi ya mzazi kwa mwanawe. Nilipokisoma nikiwa na miaka 15 niliogopa wachawi. Nilipokisoma tena nikiwa na watoto wangu, niliogopa mambo ninayowaachia bila kujua.

Na tazameni macho ya kitabu yako wapi. Hadithi za kawaida za uchawi zinatuweka nje ya dirisha, tunachungulia, tunamwona yule mwingine, yule mbaya. Mung'ong'o anatukalisha ndani ya ngozi ya mrithi. Tunajua amesoma, ana ndoto, anampenda nani. Mchawi ana historia, ana baba, ana hofu yake mwenyewe. Mtu aliyekaa ndani ya ngozi ile usiku kucha, asubuhi hawezi tena kuelekeza kidole kwa wepesi. Angalau mimi sikuweza. Mwaka ule ule nilipokisoma, nilirudi likizo nikakuta bibi mmoja wa jirani yetu hayupo. Mji wake umezibwa kwa miiba. Niliambiwa kwa sauti ya chini kwamba vijana walipita usiku wakigonga mlango kwa marungu, na kulipokucha mwanawe wa kike akamchukua akaenda kuishi naye mbali. Bibi yule alikuwa akitupa karanga za kuchemsha. Nililala usiku ule nikiwaza kwamba katika hadithi ile ya mlangoni, sisi wa mji wetu, tuliosikia marungu na tukanyamaza, ndio tuliokuwa Nunda. Mwalimu alisema kitabu kinaharibu. Kitabu ndicho kilichonipa njia ya kuona.

Wenye umri wangu watauliza habari za mpelelezi Bwana Msa. Naam. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 50, na riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ikachapishwa mwaka 1960. Zamani kila mwenye kusoma alimjua, leo nimewauliza wanafunzi wa darasa zima hakuna aliyenyoosha mkono. Maiti inakutwa mzimuni. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum kando, hakubali kwamba mzimu umeua mtu. Nusu ya kwanza ya kitabu ni nzuri ajabu: miti, kimya, maneno yanayosemwa kwa kuchagua. Bwana Msa akianza kufafanua, hofu inapungua, na nakiri kwamba kama mpenzi wa hofu huwa nasikitika kidogo. Lakini kama mtu wa Simiyu nafurahi. Alitufundisha kuuliza: nani anafaidika tukiamini kwamba ni mzimu? Wangekuwepo akina Bwana Msa wawili watatu katika kila kata yetu wakati wa kila msiba, pangekuwa na makaburi machache. Abdulla aliandika pia Kisima cha Giningi mwaka 1968. Giningi katika simulizi za visiwani ni mahali wanapokutana wachawi, na jina peke yake linatosha kumfanya mtoto wa Pemba asogee karibu na mama yake.

Sasa niruhusuni nitoke nje ya nchi mara moja, kwa Mwingereza aliyesahauliwa kwa sehemu kubwa, W. W. Jacobs. Alikulia jirani na gati za London, akajulikana kwa hadithi za kuchekesha za mabaharia. Mwaka 1902 alichapisha hadithi fupi moja ya kutisha, juu ya mkono wa nyani uliokaushwa, na hiyo ndiyo iliyomweka hai. Huwa nawasimulia wanafunzi kwa Kiswahili, na kila mara darasa linanyamaza mpaka unasikia kuku nje.

Mzee mmoja na mkewe wana mtoto mmoja wa kiume, anafanya kazi kiwandani. Askari aliyetoka India anawaletea mkono ule, anawaambia unatimiza matakwa matatu, na anawasihi wautupe motoni. Hawautupi. Mzee anaomba pauni 200 amalizie deni la nyumba. Kesho yake mtu wa kiwandani anakuja, anasita getini, anaingia. Mtoto amenaswa na mashine. Kampuni inasema haiwajibiki, ila kwa kuthamini kazi yake inawapa familia kifuta machozi. Kiasi gani? Pauni 200.

Mnaona kwa nini naileta Nyashimo. Hakuna mtu hapa asiyejua maana ya kafara. Tumesikia habari za mwenye boti au mwenye duara la dhahabu ambaye mali yake ilikuja na msiba nyumbani. Lakini tukisimulia sisi, mwenye mali ni mtu mwovu, amekwenda kwa mganga, amemtoa mtoto. Jacobs amewaweka wazee wema, wapendanao, wanaocheza mchezo wa bao la kizungu karibu na moto, wameomba kidogo tu, wameomba kama tunavyoomba sote. Ndiyo maana inauma. Na hajamaliza, maana matakwa bado mawili, na mama anataka mwanawe arudi. Usiku mlango unagongwa. Sisi tuliokulia kwenye habari za misukule, watu waliozikwa na bado wanalimishwa usiku, tunaijua hodi hiyo. Kilichoko nyuma ya mlango sitawaambia. Itafuteni. Haifiki saa moja kuisoma.

Nikirudi kwetu, Profesa Said Ahmed Mohamed, wa Pemba, anafahamika mno kwa Utengano. Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001, iliyotolewa Nairobi, haisomwi hata nusu ya inavyostahili. Mhusika wake mkuu anaitwa K, herufi moja tu, mtu wa cheo na starehe. Babu yake, marehemu, anamjia. Hakuja kumkaba wala kumla. Amekuja kumwonyesha: alikotoka, alipo, na kule anakokwenda pamoja na nchi yake. Hofu ya kitabu hiki ni ya kuonyeshwa kitu ambacho ulikuwa unakiona kila siku. Nacho kinatazama juu, tena bila kupepesa. Msukuma anayejua kwamba masamva, wahenga wetu, hawaendi mbali, atakisoma kwa namna ambayo mtu wa mjini hawezi. Kwetu babu akirudi huwa ana madai. Kwa K pia.

Na ng'ambo ya ghuba hii ya ziwa letu, ukisimama ufukweni usiku usio na mwezi ukatazama taa za wavuvi wa dagaa, mbele yako ni Ukerewe, alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, aliyetutoka mwaka 2020. Shule zinamjua kwa Rosa Mistika. Mimi nawapendekezea Nagona, ya mwaka 1990, kitabu chembamba kinachoweza kuingia mfukoni. Ni kigumu. Usitafute nani kamfanya nini nani. Kisome kama unavyopita mahame, miji iliyohamwa, ambapo makaa bado yapo na sauti hazipo. Sikielewi chote hata leo, na nimekubali kukaa nacho hivyohivyo. Kama Nagona kitakushinda, rudi nyuma kwenye Kichwamaji, ya mwaka 1974, umsome Kazimoto, mhusika wake. Pale hakuna jini hata mmoja, na sijui kitabu cha Kiswahili chenye giza zaidi.

Filamu nitazipitia haraka. Vijana mnazijua kuliko mimi. Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka mwaka 2003, kisha Shumileta, na ni kweli kwamba tulikaa vibandani tukapiga kelele. Wanastahili sifa waliothubutu kuonyesha makaburi yetu, majini yetu, na lugha yetu, badala ya kutuacha tukodi za wenzetu. Lakini filamu nyingi zilizofuata ziliona njia ya mkato: ukitaka mchawi, tafuta mwanamke mzee, mpake masizi, mtoe meno. Bibi akitokea tu kwenye skrini, watazamaji wanajua. Hapo ndipo ninapokubaliana kabisa na mwalimu wangu aliyenipokonya kitabu. Picha hiyo inaharibu. Inatoka kibandani, inafuata watu nyumbani, inawakuta wamefiwa.

Najua baadhi yenu mnasema moyoni: basi tuache yote. Tusiandike habari za uchawi kabisa, tuandike habari za kilimo na maendeleo. Nimelisikia hilo kanisani, msikitini na kwenye vikao vya walimu, na wanaolisema wana nia njema. Jibu langu liko Bujora. Wengi mmewahi kwenda kwenye tamasha la Bulabo mwezi wa sita, mkawaona bayeye, wacheza nyoka. Mtu anaingia uwanjani na chatu begani. Watoto wanapiga ukelele, wanarudi nyuma hatua tatu, kisha wanasogea mbele nne. Hakuna anayekimbia, hakuna anayeua mtu. Hofu imeletwa uwanjani, mchana, mbele ya wote, ikachezeshwa na mtu aliyejifunza namna ya kuishika. Wasukuma tulijua zamani kwamba nyoka asiyechezwa uwanjani hajaondoka, yumo ndani ya nyasi za paa.

Hofu yetu ya kurogwa ipo. Sheria ya uchawi ipo tangu mwaka 1928, na kila aliyekuwa madarakani tangu hapo amepiga marufuku hiki na kile, na bado mtu akifiwa ghafla macho yanahama kutoka kwenye jeneza kwenda kwa majirani. Hofu hiyo itasimuliwa na mtu. Nisingependa asimulie mpiga ramli peke yake, gizani, kwa ujira wa ng'ombe, kwa wasikilizaji wawili wenye uchungu. Ningependa asimulie Mung'ong'o, au mmoja wenu.

Hilo la mwisho nalisema kwa vijana wa kidato waliokaa kule nyuma. Mnaishi mahali penye utajiri ambao waandishi wa Ulaya wangeuota. Fisi wanaolia karibu na nyumba, na wazee wanaosema fisi wengine wana wenyewe. Barabara ya Mwanza na Musoma usiku, lori limesimama, dereva hayupo. Lango la Ndabaka likifungwa jioni, na upande wa pili ni Serengeti yote gizani. Mashamba ya pamba yaliyochanua meupe chini ya mwezi. Andikeni hayo. Mkimhitaji mchawi katika hadithi yenu, muwekeni, simkatazi mtu. Ila kabla hamjamwandika, kaeni jikoni mwake mchana mmoja mzima, moshi uwaingie machoni, mtoke nje mkajitazame kwenye kioo.

Nimemaliza yaliyokuwa moyoni. Vitabu viko mezani hapa. Babu Alipofufuka iko moja. Nagona iko moja, na anayeichukua aniandikie ameelewa nini, maana nahitaji msaada. Nunda nimeinakili kwa mkono kwenye daftari, mwandiko wangu unasomeka. Mirathi ya Hatari atakayeiazima naomba aipitishe kwa mwingine kabla ya kunirudishia, na asiisome kwa tochi, macho yanaumia. Ina kurasa zake zote mpaka ya mwisho. Nimezihesabu asubuhi hii kabla ya kuja.